Kabla hujajiita mvivu, ulizia tezi iliyo shingoni mwako

Umelala saa tatu usiku, mapema kama kuku, na saa mbili asubuhi mwili bado unadai usingizi. Simu ina jumbe kumi na saba ambazo hujazijibu, na tano kati ya hizo ni za mtu mmoja anayeuliza kama uko sawa. Kipindi cha asubuhi chuoni kimekupita tena, cha tatu wiki hii. Nje, jua la Februari linakaanga mabati ya jirani, ila wewe uko ndani na sweta, soksi na blanketi. Kwenye grupu ya WhatsApp ya familia kuna picha za harusi ya juzi, na shangazi mmoja ameuliza bila haya, "Huyu amenenepa hivi tangu lini?" Anayesemwa ni wewe, na chakula chenyewe siku hizi unakipitisha kwa shida.

Unaitafutia hali hii jina. La kwanza ni uvivu, maana ndilo ulilopewa tangu shule ya msingi. La pili umelipata TikTok: depresheni. Mama ana lake, anasema umeacha kuomba. Mpenzi wako anaona umepoa, labda kuna mtu mwingine. Kila mtu ana jibu, na huenda kila jibu lina chembe ya ukweli. Ila kuna swali moja ambalo pengine hakuna aliyekuuliza: shingo yako inaendeleaje?

Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo na umeze funda la maji. Ile sehemu inayopanda na kushuka, chini kidogo ya koromeo, ndipo ilipo tezi ya thairoidi. Ina umbo la kipepeo aliyetandaza mabawa na uzito wa kama gramu 20 tu. Ukiwa mzima huioni wala huihisi. Kazi yake ni kuchukua madini ya iodini kutoka kwa chakula na kutengeneza homoni mbili zinazoitwa T4 na T3. Hizo namba ni hesabu ya atomi za iodini zilizomo, nne na tatu. T4 ndiyo hutengenezwa kwa wingi, kisha mwili huigeuza kuwa T3, ambayo ndiyo hasa mchapakazi.

Homoni hizi hufanya kazi kama ile swichi ya meko ya gesi. Ukiifungua, moto unapanda. Ukiipunguza, sufuria inachukua saa nzima kuchemka. Moyo, matumbo, ngozi, nywele, hedhi na joto la mwili vyote husikiliza swichi hiyo. Ubongo pia. Seli za ubongo zina sehemu maalumu za kupokea homoni ya thairoidi, na ikipungua, fikra hupoa pamoja na mwili. Unasoma ukurasa mmoja mara nne. Unasahau jina la mtu mliyesoma naye miaka minne. Vitu vilivyokuwa vikikufurahisha vinakuwa kama chakula kisicho na chumvi.

Sasa linganisha na sonona, ambalo ndilo neno la Kiswahili la depresheni. Hatuongelei huzuni ya siku mbili baada ya kuachwa. Ni hali inayodumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku: moyo mzito, kutotamani chochote, uchovu, usingizi uliovurugika, uzito kupanda au kushuka, akili kutotulia, kujiona hufai. Ukiweka orodha ya dalili za thairoidi iliyolegea kando ya hii, utadhani mtu alinakili kazi ya mwenzake kwenye mtihani. Ndiyo maana daktari makini anapokutana na kijana mwenye sonona kwa mara ya kwanza huuliza pia kuhusu mwili, na mara nyingi huagiza damu ipimwe kabla ya kuhitimisha.

Jambo hili si geni. Mwaka 1888 kamati ya madaktari jijini London iliandika ripoti kuhusu watu ambao thairoidi yao ilikuwa imekufa kabisa, na ikagundua kuwa karibu nusu yao walikuwa wakiona au kuamini vitu visivyokuwepo. Miaka mitatu baadaye, daktari George Murray wa Newcastle alikamua maji ya tezi ya kondoo na kumdunga mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa hoi kwa ugonjwa huo. Mama huyo aliishi hadi akafika miaka 74. Kisha mwaka 1949 daktari mwingine Mwingereza, Richard Asher, akachapisha habari za wagonjwa 14 waliokuwa wamechanganyikiwa akili, kumbe shida ilikuwa tezi. Wengi wao walirudiwa na fahamu zao walipopewa dawa ya thairoidi. Hebu fikiria kuwa mtu wa kumi na tano, yule ambaye hakuna aliyemgusa shingo.

Aliyegundua alikuwa mtinda nyusi

Nina rafiki ambaye tuliishi naye keja moja Juja tukiwa mwaka wa tatu. Nimemwahidi sitamtaja jina. Alikuwa mtu wa stori, mtu wa kuchekesha foleni nzima ya kibandani. Halafu polepole akazima. Alianza kwa kuacha kupika, kisha akaacha kutoka, kisha akaacha kujibu ukimsalimia. Babake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa hivyo sote tulijua sababu, au tulidhani tunajua. Tulimwambia ajikaze. Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo, na mpaka leo neno hilo likinijia huwa naona aibu.

Alienda kliniki moja ya mtaani akaambiwa ni stresi za mitihani, akapewa vitamini. Akarudi tena baada ya mwezi akaambiwa apunguze uzito. Alikuwa anakula chapati moja kwa siku.

Aliyeona kitu kwanza alikuwa dada wa saluni anayetinda nyusi. Alimshika kidevu, akamgeuza kwa mwanga, akamwambia, "Wewe hapa nje hakuna kitu cha kutinda. Nyusi zimeisha zenyewe." Kweli, theluthi ya nje ya nyusi zote mbili ilikuwa imepukutika. Msusi wa kiti cha pili akadakia kwamba hata nywele zake siku hizi zinabaki kwenye kitana. Hawa si madaktari, lakini wanashika vichwa vya watu kuanzia asubuhi hadi jioni. Kupungua kwa nyusi upande wa nje ni dalili ya zamani sana ya thairoidi kulegea, iko hata kwenye vitabu vya udaktari.

Huko chuoni kulikuwa na mshauri nasaha ambaye, tofauti na wengine, hakuanza na "pole kwa msiba". Alimuuliza kama anahisi baridi kuliko wenzake, kama anapata choo kila siku, na kama hedhi yake imebadilika. Majibu yalikuwa ndiyo, hapana, na ndiyo sana. Pedi zilikuwa zinaisha pakiti mbili ambapo zamani moja ilitosha. Akamwandikia barua aende hospitali kupimwa damu. Kipimo cha TSH, ambacho kwa maabara nyingi huwa kati ya 0.4 na 4 hivi, chake kilipita 60.

Nieleze hapo, kwa sababu karatasi ya maabara huwachanganya wengi. TSH haitoki kwa thairoidi. Hutoka kwa tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, inayoitwa pituitari, na kazi yake ni kuisukuma thairoidi ifanye kazi. Fikiria mwenye nyumba na kodi. Ukilipa kwa wakati, anapiga simu mara moja moja kukujulia hali. Ukichelewa, anapiga kila saa. TSH ikiwa juu sana maana yake pituitari inapiga simu na thairoidi haishiki. TSH ikiwa chini kabisa, mara nyingi thairoidi inamwaga homoni kupita kiasi hadi msimamizi amenyamaza.

Kwa nini tezi inagoma?

Muulize nyanya yako kuhusu rovu. Zamani, hasa sehemu za milimani zilizo mbali na bahari, uvimbe mkubwa shingoni ulikuwa jambo la kawaida. Udongo ulikuwa na iodini kidogo, chakula kilikuwa na iodini kidogo, basi tezi ikavimba ikijaribu kunasa ile kidogo iliyopo. Dawa ilikuwa kutia iodini kwenye chumvi, jambo ambalo sheria ya Kenya inalitaka kwa chumvi ya kula. Ile pakiti unayonunua kwa kioski, ambayo huenda chumvi yake ilivunwa Gongoni au Marereni kule Kilifi, imeandikwa hivyo kwa maandishi madogo ambayo hujawahi kuyasoma. Ifunike vizuri lakini, usiiache wazi kando ya jiko, maana unyevu na joto huipunguza iodini. Na ile chumvi ya rangi ya waridi inayouzwa ghali kwa watu wa mitandao kwa kawaida haijatiwa iodini.

Mahali ambapo watu wanapata iodini ya kutosha, sababu kubwa ya thairoidi kulegea huwa ni nyingine: kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe kana kwamba ni adui. Ugonjwa huu unaitwa Hashimoto, kwa jina la daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912. Hauna kelele. Unaila tezi polepole kwa miaka, na huenda usione uvimbe wowote. Wanawake hupata matatizo ya thairoidi mara 5 hadi 8 zaidi ya wanaume, na mara nyingi huwa yanatembea katika ukoo. Kwa hivyo ukisikia mama, shangazi au dada yako mkubwa "anameza kidonge cha shingo", hilo ni jambo la kumwambia daktari.

Tezi inaweza pia kukosea upande wa pili na kukimbia kama matatu isiyo na breki. Hapo mara nyingi ni ugonjwa wa Graves, na hali huwa kinyume: joto, jasho, mikono inatetemeka, moyo unapiga hata ukiwa umekaa, usingizi hauji, wasiwasi usio na sababu, hasira za karibu. Unakonda huku unakula vizuri. Vijana wa kiume hudhani ni muguka au kahawa. Wasichana husifiwa, "Umeform, mwili umekaa poa," na kumbe mwili unajichoma. Wapo wanaotibiwa wasiwasi kwa miezi kadhaa kabla ya mtu kugundua kwamba macho yao yametokeza kidogo.

Na ikiwa umejifungua hivi karibuni, soma hapa mara mbili. Kati ya wanawake 5 na 10 katika kila 100 hupata hitilafu ya thairoidi ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Mara nyingi huanza na tezi kukimbia kwa wiki chache, halafu inazama. Mama mchanga anajikuta hana nguvu, analia, nywele zinakatika, maziwa yanasumbua, na kila mtu anamwambia "mtoto ndiye amekuchosha". Huenda kweli ni mtoto. Huenda ni sonona ya baada ya kujifungua, ambayo nayo inatibika. Huenda ni tezi, na pengine ni viwili pamoja. Wengi tezi yao hurudi sawa yenyewe, wengine huhitaji dawa. Bila kipimo utakuwa unabahatisha tu.

Ngoja kwanza, usikimbie maabara ukiwa na jibu mfukoni

Hapa ndipo nataka tuelewane, kwa sababu mitandaoni stori imegeuzwa. Utapata video zinazosema kwamba depresheni yote ni homoni, kwamba dawa za sonona ni biashara, kwamba tezi ikiwekwa sawa basi umepona. Si kweli.

Watu wengi wenye sonona thairoidi yao iko sawa kabisa. Mwaka 2021 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 25 zenye watu zaidi ya 340,000. Uhusiano kati ya thairoidi iliyolegea na sonona ulikuwepo, ila ulikuwa mdogo kuliko madaktari walivyokuwa wakidhania kwa miaka. Kwa wale ambao tezi yao ilikuwa imelegea waziwazi, ulionekana. Kwa wale ambao TSH ilikuwa imepanda kidogo tu huku homoni zenyewe zikiwa za kawaida, haukuonekana vizuri. Na ulionekana kwa wanawake, si kwa wanaume. Miaka mitatu kabla ya hapo, uchambuzi mwingine wa majaribio 21 ulionyesha kwamba kuwapa dawa watu wa kundi hilo la TSH ya juu kidogo hakukuboresha maisha yao wala kupunguza dalili zao.

Kwa lugha ya mtaa: TSH ya 60 ni jambo moja, TSH ya 5.2 ni jambo lingine. Ukipata ya pili, daktari anaweza kukwambia mrudie kipimo baada ya miezi michache. Hajakupuuza. Ukimlazimisha akupe dawa, huenda ukameza kidonge kwa miaka mingi bila kuondoa kile kinachokuumiza.

Na je, majibu yakirudi safi? Nimeona watu wakitoka maabara wamevunjika moyo kuliko walivyoingia. Walitaka kitu kwenye karatasi, kitu cha kumwonyesha mama: ona, sikuwa naigiza. Karatasi ikasema kawaida, nao wakasikia "basi ni uvivu". Msee, usijifanyie hivyo. Sonona haionekani kwa kipimo cha damu, lakini ni ugonjwa, na ina tiba: mazungumzo na mtaalamu, dawa, au vyote viwili. Kipimo cha thairoidi kimeondoa swali moja tu mezani. Mengine bado yapo, na unayo haki ya kuyauliza. Kwa mfano, upungufu wa damu nao huchosha mtu vibaya sana, hasa ukiwa na hedhi nzito, na hupimwa kwa urahisi.

Kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kufa, achana na habari za maabara kwanza. Piga 1199, laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu nchini, au nenda hospitali yoyote iliyo karibu usiku huo huo, na uende na mtu. Damu itapimwa baadaye.

Kuna upande mwingine ambao vijana wachache wanaujua. Wakati mwingine dawa ya akili ndiyo huigusa tezi. Lithiamu, inayotumiwa sana kwa watu ambao hisia zao hupanda na kushuka kupita kiasi, inaweza kuilegeza thairoidi. Ndiyo maana anayeitumia hupimwa kabla ya kuanza na kisha kila baada ya miezi sita hivi. Ikiwa unaitumia na ghafla umezama, usidhani ugonjwa umerudi na usiache dawa kivyako. Uliza mara ya mwisho ulipimwa TSH lini.

Ukiamua kwenda

Usiingie ukasema "sijiskii fiti" ukaishia hapo. Foleni ni ndefu na afisa wa kliniki ana dakika chache na wewe. Andika kwenye simu usiku uliotangulia: imeanza lini, uzito umebadilika kiasi gani, baridi au joto, choo, hedhi, usingizi, ngozi na nywele, nani katika ukoo ana shida ya shingo, dawa zote unazomeza pamoja na za mitishamba. Kisha sema wazi: "Daktari, nimekuwa na moyo mzito na uchovu kwa miezi miwili. Naomba unikague shingo, na kama unaona inafaa, nipime TSH." Hakuna daktari mzuri atakayekasirika. Akikasirika, tafuta mwingine.

Zahanati ndogo huenda isiwe na mashine, kwa hivyo utaelekezwa hospitali ya Level 4 au maabara ya kibinafsi. Bei hutofautiana mno kutoka mlango mmoja hadi mwingine, hata kwenye barabara moja, basi piga simu tatu kabla hujalipa doh. Uliza pia kama SHA itakusaidia. Na usiruhusu kuuziwa kifurushi cha vipimo kumi na viwili kama hujaeleweshwa ni vya nini. TSH ndiyo mlango. Vingine hufuata ikiwa mlango huo una shida.

Jambo moja zaidi kabla ya kutoa damu. Zile peremende za vitamini za nywele na kucha zinazouzwa mitandaoni mara nyingi zina biotini kwa wingi. Biotini inaweza kudanganya mashine, TSH ikatokea chini na homoni zikatokea juu, ukaambiwa tezi inakimbia na haikimbii. Mweleze daktari unazitumia. Atakwambia uziache kwa siku kadhaa kabla ya kupimwa.

Kuhusu mwani ule wa kuchemshwa unaouzwa kwenye chupa, unaosifiwa kutibu tezi, ngozi, nguvu za kiume na sijui nini tena: mwani unaweza kuwa na iodini nyingi sana, na iodini ikizidi huharibu thairoidi kama vile ikikosekana. Mtu mwenye Hashimoto anaweza kuzama zaidi. Vilevile, usiombe kidonge cha rafiki ili ukonde. Homoni ya thairoidi kwa mtu asiyeihitaji huenda moja kwa moja kusumbua moyo.

Ikiwa kweli tezi imelegea, dawa yenyewe huwa haina mbwembwe. Inaitwa levothairoksini, na ni ile ile T4 ambayo tezi yako ilipaswa kutengeneza. Humezwa mara moja kwa siku, asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha unasubiri nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Hapo ndipo Wakenya huanguka mtihani, kwa sababu ya chai ya maziwa. Chai, maziwa, vidonge vya madini ya chuma na vya kalisi vyote huizuia isiingie mwilini vizuri. Hivyo vidonge vya chuma na kalisi vinapaswa kukaa mbali nayo kwa saa nne hivi. Baada ya wiki 6 hadi 8 unapimwa tena, na kipimo cha dawa kinaongezwa au kupunguzwa. Wengi huitumia maisha yote. Ukipata mimba usiiache, wahi kliniki, kwa maana mahitaji hupanda.

Usitarajie muujiza Jumatatu. Rafiki yangu alianza kuhisi joto kwanza, kama wiki ya nne. Choo kikafuata. Nyusi zilichukua miezi. Moyo ulikuwa wa mwisho, na hata huo haukurudi wote kwa kidonge. TSH ilipofika mahali pake, bado alikuwa analia usiku fulani kwa ajili ya babake, na akaendelea kwenda kwa yule mshauri nasaha kwa karibu mwaka mzima. Aliniambia tofauti ni kwamba sasa alikuwa na nguvu za kupanda matatu kwenda huko. Kabla ya dawa alikuwa akipanga kwenda, anavaa kiatu kimoja, anakaa kitandani hadi jioni.

Nililala kwake mwezi uliopita. Anaishi Ruaka siku hizi, ana kazi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu yake ililia, akanyoosha mkono gizani, akameza kidonge chake kwa maji ya chupa na kurudi kulala. Nilipoamka mimi, chai ilikuwa kwenye thamosi mezani na yeye ameshatoka. Lile sweta la Juja lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango.